Kiti cha ndege ni cha nani? Historia ya abiria wanaoshushwa

Asubuhi ile mvua ndogo ilikuwa inanyesha Bangoka. Ndege ya kwenda Kinshasa ilikuwa imejaa, mlango bado wazi. Mbele yangu alikaa mama mmoja na mtoto wa dada yake, kijana wa miaka kama tisa mwenye bandeji kwenye jicho. Mama huyo alihama toka upande wa Lubero kwa sababu ya vita, akapokelewa na ndugu hapa Kisangani, na sasa alikuwa anampeleka mtoto Kinshasa kwa mganga wa macho. Tiketi mbili zililipwa kwa pesa ya cherehani iliyouzwa, na mchango wa kanisa ukaongeza kilichobaki.

Ajenti wa kampuni aliingia na karatasi mkononi, akahesabu viti, akasimama hapo. "Mama, tusaidie kidogo, mshuke kwanza. Kuna wakubwa wanasafiri kwa kazi ya serikali."

"Nishuke niende wapi, baba? Nimelipa."

Ajenti alitoka, akarudi na polisi wawili. Hawakumpiga. Mmoja alimshika mkono, wa pili akachukua mfuko wake wa mkononi na kutangulia nao mlangoni, basi mama akaufuata mfuko wake, na mtoto akamfuata mama. Bwana mmoja wa suti na msaidizi wake walikaa pale viti vikiwa bado na joto. Tukaruka. Masanduku ya yule mama yalikuwa tumboni mwa ndege, yakaenda Kinshasa peke yao.

Nilikuwa na kadi ya mwandishi wa habari mfukoni. Nilibaki nimefunga mkanda.

Tangu nilipogusia jambo hili katika kipindi chetu, simu na ujumbe haviishi. Wengi ni ndugu zetu waliohama, na swali lao ni moja: je, kampuni ina haki ya kumtoa mtu aliyelipa na kuketi? Nimejaribu kulifuata swali hili toka mbali, kwa sababu hapa kwetu kiti cha ndege kina historia ndefu kuliko watu wengi wanavyofikiri.

Kisangani ni mmoja wa miji ya kwanza ya Afrika ya kati kuona ndege ya abiria. Tarehe 1 Julai 1921, wakati mji ungali unaitwa Stanleyville, ndege zinazotua juu ya maji zilikamilisha njia yake toka Kinshasa, zikifuata mto kituo kwa kituo. Njia hiyo ilipewa jina la mfalme Albert wa Ubelgiji. Ilibeba barua na abiria mmoja mmoja, ikafa mwaka uliofuata, 1922. Baadaye Sabena, kampuni ya Wabelgiji iliyoundwa 1923, ilichukua kazi ya anga ya Kongo, na Stanleyville ikawa kituo chake kikubwa.

Katika ndege hizo hakukuwa na ugomvi wa kumshusha Mkongomani, maana hakupanda. Kwa sheria za koloni, mwenyeji aliyetaka kutoka eneo lake kwa muda mrefu alihitaji karatasi ya ruhusa ya mtawala hata kama anakwenda kwa miguu. Wazee wetu walisafiri kwa mto na kwa lori. Ndege waliisikia juu ya paa.

Halafu ukaja mwaka 1964, ambao kila familia ya zamani ya mji huu ina habari zake. Mwanzoni mwa Agosti Wasimba waliuteka mji. Wazungu na wageni wengine walishikwa mateka, wengi wakiwekwa katika hoteli Victoria. Alfajiri ya tarehe 24 Novemba, askari wa miavuli wa Ubelgiji walirushwa toka ndege za C-130 za Marekani juu ya uwanja wa Simisimi. Mateka kadhaa walipigwa risasi barabarani kabla askari hawajawafikia. Siku hizo ndege zilipanda na kushuka bila kupumzika, zikipeleka watu Léopoldville. Ukiweka pamoja Stanleyville na Paulis, ambayo leo tunaiita Isiro, waliookolewa walikuwa zaidi ya Wazungu na Wamarekani 1,800, na Wakongomani wapatao 400.

Mia nne, kutoka miji miwili. Wengine wote walibaki na kilichofuata, na kilichofuata kilikuwa kisasi cha jeshi la serikali na mamluki mtaa kwa mtaa. Sisemi kwamba waliookolewa hawakustahili. Walikuwa wamekaa miezi na bunduki kichwani. Ninasema kwamba siku ile mji wetu ulijifunza kuwa kiti cha ndege kinaweza kuwa uhai, na kwamba kuna mtu mwingine anayeshika orodha.

Air Congo ya kwanza ilianzishwa 1961. Ilipofika 1971, nchi ilipobadilisha jina, ikawa Air Zaïre. Baba yangu alipanda mara mbili na mpaka leo anasifu kahawa yake. Lakini wasafiri wenyewe waliibatiza kwa Kifaransa "Air Labda": labda itakuja, labda haitakuja. Moja ya sababu ilijulikana na wote. Ndege za kampuni zilikuwa zinachukuliwa kwa safari za rais Mobutu, jamaa zake na wageni wake, na abiria waliokuwa na tiketi waliambiwa wangoje. Hakukuwa na dirisha la kulalamikia. Nani angeandika barua ya kumshtaki mwenye nchi kwa sababu ya kiti? Kampuni ilifilisika 1995, lakini zoea hilo halikufilisika nayo. Kampuni za watu binafsi zilizokuja zilirithi viwanja vilevile na wakubwa walewale, na ajenti aliyekataa kumpisha mkubwa alijua ndege yake inaweza kuzuiliwa kesho kwa karatasi moja tu.

Muda wa vita ya 1998 mpaka 2003 ulikuwa mbaya zaidi. Mto ulikatwa kati ya pande mbili, na Kisangani ikawa kama kisiwa. Watu walisafiri katika ndege za mizigo, juu ya magunia ya maharage na katoni za sabuni, bila mkanda na mara nyingi bila tiketi. Nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka mjomba akifika toka Goma na unga wa muhogo hadi kwenye nyusi. Aliyelipa alilipa mkononi mwa mtu. Kamanda akitaka nafasi, magunia yalibaki na watu wakashuka, kwa kuwa magunia yalikuwa na mwenyewe.

Huko kwingine historia ilikwenda njia nyingine, na si kwa sababu kampuni za huko zina huruma.

Mkataba wa kwanza wa dunia juu ya abiria wa ndege ulitiwa sahihi Warsaw tarehe 12 Oktoba 1929. Kuna kitu kidogo ndani yake ambacho ningependa kila mtu hapa akijue. Mkataba ulisema kampuni imuandikie abiria tiketi. Malipo ya ajali yaliwekewa kikomo, ili kampuni isifilisike kwa ajali moja, lakini ikiwa kampuni imempandisha mtu bila tiketi, haiwezi kujificha nyuma ya kikomo hicho. Yaani tangu 1929 walijua hatari ya kumpandisha mtu asiyeandikwa.

Wengi wanasema: "Lakini rubani mkuu ana haki ya kumshusha mtu yeyote." Hapana. Mamlaka hayo yana mipaka, na yameandikwa katika mkataba wa Tokyo wa tarehe 14 Septemba 1963. Rubani mkuu anaweza kumfunga au kumshusha mtu akiwa na sababu ya kweli ya kuamini kwamba mtu huyo amefanya, au yuko karibu kufanya, jambo la kuhatarisha ndege, watu au mali, au kuvuruga utulivu ndani yake. Mlevi anayepiga wahudumu, sawa. Anayetishia kufungua mlango, sawa. Mama aliyekaa kimya na mtoto mgonjwa hayumo, hata ukisoma mkataba ule kuanzia mwisho kwenda mwanzo.

Vipi kuhusu kampuni inayouza tiketi kupita idadi ya viti? Huko Marekani ilikuwa siri ya biashara kwa miaka mingi. Mnamo Aprili 1972 mtetezi wa wanunuzi Ralph Nader, mtu mashuhuri aliyekwisha kuzitikisa kampuni za magari, alinyimwa kiti na kampuni ya Allegheny ingawa alikuwa na nafasi iliyothibitishwa. Alishtaki. Kesi ilifika mahakama kuu ya nchi, na 1976 majaji walisema ana haki ya kuendelea kuidai kampuni tribinalini kwa kumficha kwamba inauza viti kupita kiasi. Muda mfupi baadaye serikali iliamuru kampuni zianze kwa kutafuta wanaokubali kubaki kwa malipo, kabla ya kumkataza yeyote kwa nguvu.

Sheria hiyo haikutosha. Tarehe 9 Aprili 2017, katika ndege ya United toka Chicago kwenda Louisville, viti 4 vilihitajika kwa ajili ya wafanyakazi wa kampuni yenyewe. Abiria walikuwa wamekwisha kuketi. Daktari mmoja wa miaka 69 alikataa kushuka, akisema ana wagonjwa wanaomngoja. Walinzi wa uwanja wa ndege walimvuta toka kitini, uso ukagonga sehemu ya kuwekea mkono, wakamkokota kwenye njia ya katikati akitoka damu. Majirani zake walipiga picha kwa simu, na dunia yote ikaona. Kampuni ililipa fidia ambayo kiasi chake hakikutangazwa, ikaahidi kutomtoa tena mtu aliyeketi isipokuwa kwa usalama, na kupandisha hadi dola 10,000 malipo kwa anayekubali mwenyewe kubaki. Oktoba 2018 bunge la Marekani likaiweka katika sheria: abiria aliyekwisha kukubaliwa na kupanda hashushwi kwa sababu ya kukosa viti.

Nikiitazama video ile hufikiri juu ya wale waliokaa pembeni na simu zao. Walipiga kelele, na mama mmoja alilia kwa sauti. Sisi katika ndege yetu tuliangalia madirisha.

Umoja wa Ulaya ulianza na kanuni ya 1991, ukaipanua kwa kanuni namba 261 ya 2004. Anayenyimwa kupanda bila hiari yake hulipwa euro 250, 400 au 600 kulingana na urefu wa safari, pamoja na chakula na malazi. Kanuni hiyo inafunika kila ndege inayoondoka Ulaya, na pia kampuni za Ulaya zinazorudi huko. Kwa hiyo mtu wa Makiso anayenyimwa kiti Kinshasa na kampuni ya Kibelgiji inayokwenda Brussels anaweza kudai euro 600, na mwenzake anayenyimwa kiti siku hiyohiyo, uwanja huohuo, akirudi Kisangani, anaambiwa arudi kesho asubuhi na mapema.

Ulaya nayo isitufundishe bila kukumbushwa. Kampuni ileile ya Sabena iliyozoea kutua Stanleyville ndiyo ilikuwa na ndege ambamo tarehe 22 Septemba 1998, Brussels, msichana wa Nigeria, Semira Adamu, aliyenyimwa hifadhi, alikandamizwa uso kwenye mto na maaskari ili anyamaze. Alikufa siku hiyo. Alikuwa na miaka 20. Majaribio ya awali ya kumrudisha yalishindikana, na mara moja ilikuwa kwa sababu abiria wengine walisimama na kupinga. Waziri wa mambo ya ndani alijiuzulu. Na Oktoba 2002 Ubelgiji ilimpandisha ndege peke yake msichana Mkongomani wa miaka mitano, akateremka Kinshasa bila ndugu wa kumpokea, wakati mama yake alikuwa Canada akimngoja. Mahakama ya Ulaya ya haki za binadamu iliihukumu Ubelgiji mwaka 2006.

Kushushwa kwa nguvu na kupandishwa kwa nguvu ni ndugu wa tumbo moja. Kote mtu anageuka mzigo.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu wasikilizaji wanauliza juu ya hapa. Wanadhani hatuna sheria. Tunayo, na nyingine ni ya zamani kuliko ndege yenyewe. Amri ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba, ambayo mpaka sasa ni sehemu ya sheria yetu ya madai, inasema katika kifungu cha 33 kwamba mapatano yaliyofanyika kihalali ni sheria kwa walioyafanya. Tiketi ni mapatano. Kifungu cha 258 kinamtaka anayemtia mwenzake hasara kwa kosa lake aitengeneze. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 30, inampa kila mtu aliye nchini haki ya kwenda anakotaka ndani yake. Kuna pia sheria namba 10/014 ya tarehe 31 Desemba 2010 juu ya usafiri wa anga, na mamlaka ya anga inayosimamia kampuni. Abiria analipa tena Go-Pass, iliyoanza 2009 kwa dola 10 safari ya ndani. Amelipia kampuni, amelipia uwanja. Hakuna mahali katika karatasi hizo palipoandikwa kwamba kiti ni cha mwenye cheo.

Avoka mmoja wa hapa mjini, nilipomwendea na swali hili, alicheka kidogo. Alisema sheria ipo, shida ni kipande cha karatasi: anayeshushwa hutoka mikono mitupu, kadi ya kupandia imechanwa au imechukuliwa, hakuna aliyemwandikia kwa nini. Akienda kudai, kampuni inasema hakufika kwa wakati. Ndiyo maana anawaambia wateja wake wasiiachilie kadi hiyo, waipige picha kabla ya kupanda, na waombe sababu ya kukataliwa kwa maandishi yenye jina na saa. Mara nyingi watanyimwa. Basi waandike wenyewe papo hapo, na waombe namba za simu za watu wawili waliokaa karibu.

Mimi nina hofu nyingine, ambayo haizungumzwi sana. Tarehe 8 Julai 2011 ndege ya Hewa Bora iliyotoka Kinshasa ilianguka wakati wa kutua hapa Bangoka katika mvua kubwa. Watu zaidi ya 70 walikufa. Siku kama hiyo familia zote hukimbilia kitu kimoja, orodha ya abiria. Kiti kinapobadilishwa mlangoni na hakuna anayerekebisha orodha, aliyeachwa uwanjani ni abiria kwenye karatasi, na aliyeketi hayupo. Familia moja inaanza matanga ya mtu aliye hai. Nyingine itadai fidia kwa jina ambalo kampuni inaweza kusema haikulibeba. Wale mabwana wawili waliochukua viti vya mama yule, kama tungeanguka, wangekufa kwa majina ya mwanamke wa Lubero na mtoto wa miaka tisa. Sidhani walilifikiria hilo.

Haya yote yamekuwa mazito zaidi tangu mwisho wa Januari 2025, M23 ilipoingia Goma na uwanja wa ndege wa huko ukafungwa. Februari ikafuata Kavumu, uwanja wa Bukavu. Safari za kawaida za Goma na Kisangani zilikatika. Barabara ya kwenda Beni kupitia Mambasa kila mtu anajua hatari yake. Kwa mto, Kinshasa iko umbali wa kilometa karibu 1,700, nayo ni majuma ndani ya boti. Ongeza familia za hapa kwetu zilizokimbia mapigano ya Wambole na Walengola tangu 2023, toka Lubunga na vijiji vya huko. Watu hawa hawapandi ndege kwa starehe. Wanakwenda kwa mganga, kwa mtoto aliyepotea njiani, kwa mtihani, kwa maiti. Mtu wa cheo akikosa ndege ya leo, anapata ya kesho. Aliyeuza cherehani hana nyingine ya kuuza.

Air Congo mpya, ya serikali pamoja na Ethiopian Airlines, ilianza kuruka Desemba 2024, na kuna wanaosema ndege mpya zitaleta mambo mapya. Naomba iwe hivyo. Lakini aliyeingia na polisi asubuhi ile hakuletwa na ubovu wa ndege.

Mama yule nilimtafuta. Nilimpata nyumbani kwa ndugu zake ng'ambo ya Tshopo, nilipopelekwa kwa toleka. Walisafiri siku nne baadaye, wakafika siku ya kuonana na mganga imepita, wakangoja majuma sita Kinshasa kwa watu wasiowajua vizuri. Jicho la mtoto limepasuliwa. Linaona, lakini si kama ambavyo mganga alitumaini mwanzoni. Sanduku moja halikupatikana.

Alinitolea mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na kadi mbili za kupandia za siku ile ya kwanza, zimekunjwa mara nne. Alizificha ndani ya kitambaa cha kichwa wakati anashuka. Aliniuliza, "Baba mwandishi, wewe ulikuwepo. Utasema?"

Nimempa avoka jina langu na namba ya kiti changu. Barua ya kwanza imepelekwa kwenye biro ya kampuni hapa mjini, ikapokelewa, nakala yetu ina muhuri na tarehe. Tunangoja jibu.